Mtaka Filta ya Mvunguni Sharti Ainame

Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada zangu mnaoendesha na mnaoendeshwa, nashukuru kwa nafasi hii. Nimepewa nusu saa. Nitajitahidi isizidi.

Kabla sijaenda mbali, naomba mfuko huu upite mkono kwa mkono. Tafadhali msiufungue, plastiki yake inaonyesha, kilichomo mtakiona. Ni kitu cha mstatili, kimekunjwakunjwa kama marinda ya sketi ya shule. Rangi yake ni kijivu kinachokaribia weusi. Katikati ya marinda kuna vipande vya majani makavu, mabawa ya wadudu, nywele ambazo si zangu, na karatasi ya peremende ambayo mpaka leo sijaelewa ilipitia wapi. Hiyo ni filta ya kabini. Wengi wetu tunaiita filta ya AC. Ilitoka kwenye gari langu. Siku ilipowekwa ilikuwa nyeupe. Kwa miaka mitatu na ushei, hewa tuliyovuta mimi na watoto wangu humo garini, tumefunga vioo na kujiona tumelikwepa vumbi la nje, ilipita kwanza kwenye marinda hayo.

Siihifadhi kwa mapenzi. Naihifadhi kwa sababu ya fedha iliyonila.

Ilianza hivi. Upepo wa gari ulipungua, si kwa siku moja, bali polepole kama nguo inavyopauka, hata usiweze kusema ilianza lini. Feni nikiiweka namba moja sisikii kitu. Namba nne inanguruma, lakini upepo unaofika usoni ni wa mtu anayepoza chai. Siku za mvua kioo cha mbele kilijaa ukungu, nikawa naendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kitambaa. Nikaenda gereji. Fundi, bila kufungua chochote, akasema gesi imepungua. Nikajaziwa gesi, nikalipa, nikaondoka. Hali ikabaki ileile. Nikarudi. Safari hii nikaambiwa mota ya feni imechoka, inataka kubadilishwa, na niliposikia gharama yake nikasema nitarudi mwisho wa mwezi. Kukosa fedha siku ile ndiko kulikoniokoa.

Nyumbani nikatoa kitabu cha maelekezo ya gari, kile ambacho wengi hatukishiki mpaka siku ya kuliuza. Kilikuwa kwenye droo ya dashibodi, ile iliyo mbele ya magoti ya abiria. Nikasoma kwamba filta ya kabini iko nyuma ya droo hiyohiyo. Yaani kitabu na filta vilikuwa majirani wa ukuta mmoja wa plastiki, na mimi nimekwenda gereji mara mbili. Nikaichomoa. Ndiyo hiyo mnayopitishiana. Nikawasha feni bila filta, namba mbili tu, na risiti zilizokuwa kwenye kiti zikapeperuka. Mota haikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa imezibwa pua.

Simtupii fundi lawama zote. Mimi ndiye niliyeingia na kusema "AC mbovu". Ukimwambia fundi hivyo, umemwachia achague ubovu anaoutaka yeye. Kwa hiyo jifunzeni kutofautisha kabla hamjatoka nyumbani. Gesi ikipungua, upepo hutoka kwa nguvu yake ya kawaida ila hauna ubaridi. Filta ikiziba, upepo ni hafifu, hata kama ni wa baridi. Iko hali ya tatu inayochanganya watu: safari inaanza vizuri, baada ya muda upepo unakata, ukizima AC ukasubiri kidogo unarudi. Hapo huenda evapareta imeganda barafu. Evapareta ni ile kitu kama rejeta ndogo iliyojificha ndani ya dashibodi, ndiyo inayopoza hewa. Inaweza kuganda kwa sababu ya gesi, lakini pia huganda hewa inapopita kidogo mno juu yake, na hapo tunarudi palepale kwa filta. Anza na kisicho na gharama. Chomoa filta, washa feni kwa nusu dakika, weka mkono kwenye tundu la upepo. Upepo ukirudi, umepata jibu. Usiporudi, sasa una haki ya kuzungumza habari za mota na rezista, kile kifaa kinachopanga spidi za feni, na fundi atajua anaongea na mtu aliyeangalia.

Jambo lingine linalotuponza ni jina. Gari la kawaida lina filta ya oili, filta ya mafuta, filta ya hewa ya injini, ile tunayoiita eya klina, na hii ya kabini. Ukirudishiwa gari ukaambiwa "tumebadilisha filta ya hewa", uliza ipi. Ya injini inakaa kwenye boksi lake chini ya boneti na inalinda injini. Ya kabini inalinda mapafu yako. Wapo waliolipia moja miaka yote wakidhani ni zote mbili.

Sasa niwaambie kidogo inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapa, maswali yote ya kuosha na kupuliza yanajijibu. Hiyo mnayoiona kama karatasi, kwa filta nyingi za leo, si karatasi. Ni nyuzi nyembamba za plastiki zilizoshindiliwa pamoja bila kufumwa, na nyingi hutiwa chaji ya umeme tuli, ule unaovuta vipande vya karatasi ukisugua kitana kwenye nywele. Chembe za masizi na moshi, zile za mikromita 2.5 kushuka chini (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita), ni ndogo mno. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Ukitaka kuzizuia kwa udogo wa tundu peke yake, itabidi matundu yawe madogo kiasi kwamba hata hewa itasota. Ndiyo maana zikatiwa umeme: chembe ikipita karibu na uzi, uzi unaivuta.

Umeme huo hauonekani na haudumu. Unafifia kwa muda, kwa unyevu, kwa uchafu unaofunika nyuzi. Kwa hiyo filta inaweza kuwa bado na weupe fulani na isiwe inanasa tena zile chembe ndogo. Na kinyume chake kipo pia. Rafiki yangu mmoja mbishi huniambia filta chafu huchuja vizuri zaidi, kwa kuwa uchafu umeziba matundu makubwa. Kwa vumbi la kawaida ana ukweli kiasi, namkubalia. Lakini hewa hiyo safi haifiki kwako, kioo kinajaa ukungu, na feni inafanya kazi pasipo upepo wa kutosha. Kwenye magari mengi ile rezista imewekwa makusudi kwenye njia ya upepo ili upepo uipoze. Upepo ukikosekana, inaweza kuungua. Dalili yake mtaijua: spidi za chini zote zinakufa, inabaki ile ya juu kabisa peke yake.

Ziko pia filta zenye tabaka la kaboni, ule mkaa uliotayarishwa maalumu kunasa harufu na baadhi ya gesi za ekzosi. Hizi zina rangi ya kijivu au nyeusi tangu mpya, kwa hiyo usiitupe ukidhani imechafuka. Zinafaa kwa mtu anayekaa kwenye foleni nyuma ya malori kila siku, au mwenye pua nyepesi. Kwa mtu wa barabara ya vumbi, nyeupe ya kawaida inayobadilishwa kwa wakati ina maana zaidi kuliko ya kaboni inayoachwa humo miaka mitatu. Kaboni nayo hushiba, na ikishashiba harufu inapita kama kawaida.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Tunaposema tunabana matumizi, wengi tunabana mahali pasipostahili. Tunaibana filta yenyewe: tunaichelewesha, tunaiosha, tunaipuliza, tunaitoa kabisa na kuitupa. Filta ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye gari. Ghali ni mkono wa kuibadilisha, na ghali zaidi ni uharibifu unaofuata usipoibadilisha. Kwa magari mengi ni kazi ya dakika 10, haihitaji jeki, haihitaji kujilaza chini ya gari, mara nyingi haihitaji hata bisibisi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nawaambia hapa ni kuinama kwelikweli, magoti kwenye zulia la gari na kichwa karibu na kiti cha abiria.

Kwanza jua ilipo. Magari mengi huiweka nyuma ya droo ya dashibodi. Mengine chini ya yale matundu ya plastiki yaliyo nje, mwisho wa kioo cha mbele, ambako unafika kwa kufungua boneti. Machache huiweka pembeni ya miguu ya abiria au ya dereva, na hizo ndizo zitakazokufanya utukane kidogo. Kitabu cha gari kitakwambia. Gari langu ni la aina ya kwanza, basi nitaeleza hiyo.

Zima gari na feni. Toa kila kitu kwenye droo, na hapo tayari utapata vitu ulivyovitafuta mwaka mzima. Pembeni ya droo mara nyingi kuna kikamba au kikono kinachoizuia isianguke kwa kishindo, kichomoe taratibu. Kisha bana kuta mbili za droo kuelekea ndani, vile vizuizi vyake vipite, nayo itashuka yenyewe. Nyuma yake utaona mfuniko mwembamba wa mstatili wenye vibanio. Ubanue kwa vidole. Filta iko humo, imelala kama kaseti.

Usiichomoe bado. Piga picha kwa simu. Ubavuni kuna mshale, na mshale huo unaonyesha hewa inakoelekea, si upande wa juu. Filta nyingine hazina mshale wa hewa, zina neno la Kiingereza UP, na hilo ndilo linalosema upande huu uwe juu. Watu huchanganya haya mawili kila siku. Ukiweka mpya jinsi ya zamani ilivyokuwa, na ya zamani iliwekwa kinyume, umerithi kosa. Kwa hiyo hakikisha pia na kitabu. Ikikaa kinyume bado itachuja, ila tabaka zimepangwa kupokea uchafu kwa upande mmoja, na ile ya kinyume itaziba mapema.

Chomoa kwa kuilaza, polepole, bila kuinamisha. Majani yaliyo juu yake yakidondoka, kwenye magari mengi yanaingia moja kwa moja kwenye feni, na kuanzia siku hiyo gari litakuwa na sauti ya nyenje. Najua kwa sababu langu lilikuwa nayo. Fyonza vumbi lililobaki kwenye kisanduku, pangusa kwa kitambaa kikavu, ingiza mpya, funga mfuniko hadi vibanio vilie, rudisha droo. Ukikuta kinyesi cha panya au kiota, na panya hupapenda sana hapo, usikifyonze kikavu wala kukifagia. Vaa glavu na barakoa, kinyunyizie dawa ya kuua vijidudu kilowe kwanza, ndipo ukipanguse. Filta hiyo haina mjadala, itupe siku hiyohiyo hata kama uliiweka juzi.

Naona mkono pale nyuma, na swali nalijua kabla hujaliuliza: nikiiosha je?

Usiioshe. Maji huondoa ule umeme, huharibu gundi ya marinda, na filta iliyorudishwa ikiwa na unyevu ndani ya kisanduku chenye giza ni shamba la ukungu. Utavuta harufu ya soksi mpaka utakapoitoa. Kompresa ya upepo nayo inasafisha kwa macho tu. Inapasua nyuzi, na vumbi linalopotea mbele ya macho yako mengine limesukumwa ndani zaidi. Ninachokiruhusu, na mimi mwenyewe hufanya, ni hiki: katikati ya muda wake naitoa, naigongagonga taratibu juu ya gazeti, nafyonza upande uliopokea uchafu kwa brashi laini, naondoa majani, narudisha. Hiyo inairudishia pumzi kidogo, haiifanyi kuwa mpya. Nafanya mara moja, si mara tano. Ziko filta zilizotengenezwa zioshwe, na zimeandikwa hivyo kwenye boksi. Hizo fuata maelekezo yake na uzikaushe hadi ziwe kavu kabisa. Kama haijaandikwa, hazioshwi.

Wapo wanaoitoa na kuendesha bila kitu, kwa kuwa upepo unakuwa mtamu. Ni kweli unakuwa mtamu. Lakini kumbukeni evapareta. AC ikiwa inafanya kazi, evapareta inaloa, ndiyo maji mnayoyaona yakidondoka chini ya gari. Vumbi likiikuta imelowa, linakuwa tope, na tope hilo linajaa kwenye mapezi yake membamba. Filta unaibadilisha kwa vidole. Evapareta, kwenye magari mengi, kuifikia ni kushusha dashibodi nzima. Huo ndio ufundi ambao hamtaki kuulipia.

Na wengine wanaendesha bila filta bila kujua. Yapo magari yaliyotoka kiwandani na nafasi ya filta ipo lakini filta haikuwekwa, au aliyekuwa nalo kabla yako aliitoa hakurudisha. Ukinunua gari lililotumika, fungua hapo siku ya kwanza. Mimi siku hizi hufungua hata kabla ya kulipa. Filta ya kabini inasema ukweli kuhusu mwenye gari kuliko yeye mwenyewe: aliyesahau hii kwa miaka minne, na oili yake alikuwa akiibadilisha lini?

Ibadilishwe lini? Watengenezaji wengi husema kati ya kilomita 15,000 na 30,000, au mara moja kwa mwaka, na husema mapema zaidi kwa mazingira ya vumbi. Mimi sihesabu sana. Kila ninapobadilisha oili naifungua na kuitazama, kwa kuwa kuitazama ni bure. Mwanga wa simu usipopenya kwenye marinda, au ikiwa imepinda, imelowa au inanuka, inaondoka. Ikitimiza mwaka inaondoka hata ikiwa na sura nzuri, kwa sababu ya ule umeme niliousema.

Kwenye kununua, nendeni na vipimo. Pima ya zamani urefu, upana na unene, au beba yenyewe kwenye mfuko. Jua modeli na mwaka wa gari, na kama ubavuni kuna namba ya kipuri, iandike. Filta moja mara nyingi inaingia kwenye modeli nyingi, kwa hiyo usikubali kirahisi kwamba ya gari lako ni ya pekee. Si lazima iwe kwenye boksi lenye nembo ya mtengenezaji wa gari; zipo nzuri za viwanda vingine kwa bei ya chini. Lakini ishike. Fremu iwe imara, isilegee kama kitambaa. Marinda yawe mengi na yamepangwa sawasawa, maana marinda mengi ni eneo kubwa la kuchuja. Pembeni ikae vizuri kwenye kisanduku, isiache mwanya. Hewa haina adabu, itapita penye mwanya na kuiacha filta yako mpya ikiwa safi mwaka mzima. Ya kaboni, tazama kama punje nyeusi zinaonekana kati ya tabaka, usiridhike na rangi. Na kama muuzaji anapunguza bei ukichukua mbili, chukua mbili. Zitunze kwenye mifuko yake, mahali pakavu.

Msikate filta za nyumbani wala vitambaa mkavitandaza humo. Nimeona mtu aliyefanya hivyo. Kitambaa kilinyonywa na feni, kikajizungusha, na mota ndiyo iliyokwenda.

Yapo pia mambo madogo yanayorefusha maisha yake bila fedha. Majani yanayojaa chini ya kioo cha mbele yatoeni kwa mkono kila mnapoosha gari. Yakioza huziba njia za maji, maji yanatafuta njia ya filta. Mkifuata lori kwenye vumbi, bonyezeni kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, mkimaliza vumbi mkitoe. Msikiache safari nzima, hasa mkiwa wengi ndani ya gari, kwa kuwa hewa mnayotoa puani inajirundika na dereva anaanza kusinzia. Dakika chache kabla ya kufika, zimeni AC na muiache feni iendelee kupuliza, evapareta ikauke. Harufu nyingi ambazo watu huzifunika kwa manukato ya kuning'iniza zinaanzia kwenye unyevu huo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Gari langu liko pale nje, upande wa kulia wa mlango, droo nimeiacha tupu na filta mpya iko juu ya kiti. Anayetaka kujaribu kwa mikono yake aje tuinamishe vichwa pamoja. Watatu wa kwanza watafanya wenyewe, mimi nitashika tochi. Na huo mfuko naomba urudi mbele ukiwa umefungwa.